Nilitafuta Kitako cha Bunduki, Nikaishia Makina

Wasee, hii imekuwa ndefu, tafuteni kiti.

Mwezi uliopita niliwaambia nafanya vidio fupi kuhusu askari wa kwanza walioishi Kibera, wale wa King's African Rifles. Nikawauliza kama kuna mtu anajua mahali nitapata bunduki ya mbao ya kushika mbele ya kamera. Nusu yenu mkaniambia niende Gikomba. Nusu nyingine mkaniambia nitapigwa risasi kabla nifike nyumbani. Sasa nimezunguka, nimeuliza, nimesoma, na naona nyote mlikuwa mnaongea kitu kimoja bila kujua.

Bajeti yangu ilikuwa 2,000. Na shida yangu ilikuwa macho. Nilikuwa nimeona picha za bunduki za zamani, zile za kuwindia, kitako chake kina mistari kama moshi uliogandishwa ndani ya mbao. Mwingine kama ngozi ya simba marara. Nikasema hiyo ndiyo nataka, kwa sababu kamera inapenda mbao ya aina hiyo. Nikaingia mtandaoni kuangalia bei. Kipande kitupu tu cha walnati, hakijachongwa, kimekatwa tu umbo la jumla, kinauzwa mamia ya dola. Vile vyenye maua mazuri zaidi vinapita dola 1,000, na hapo hujalipa ndege. Mimi naishi Kawangware, nalipa nyumba 5,500. Hiyo mbao moja ni kodi yangu ya karibu miaka miwili.

(Kamusi inaita mti huo mjozi, kwa wale mnaopenda Kiswahili sanifu. Sijawahi kusikia mtu mtaani akiutaja kwa jina lolote, kwa sababu hauko mtaani.)

Wacha nieleze kwa nini ni ghali, maana nilidhani ni madoido ya Wazungu tu. Mti wa kawaida nyuzi zake zinapanda juu moja kwa moja, kama maji kwenye bomba. Ukiupasua unapata mistari iliyonyooka, safi, bila mambo mengi. Maua yanatokea pale mti ulipopata taabu. Pale tawi kubwa linapoachana na shina, kwenye panda, nyuzi zinabanana na kupishana. Pale mti ulipojeruhiwa ukaota nundu, nyuzi zinajizungusha. Kwa mizizi, uzito wa mti mzima umekalia mbao, kwa hiyo inajikunja. Ukipasua hapo unapata mawimbi, macho, moto. Mti mmoja mkubwa unaweza kukupa vipande viwili vitatu tu vya hivyo. Halafu lazima ukaushe polepole, miaka, kwa sababu mbao iliyojikunja ikikaushwa haraka inapasuka ama inapinda.

Na sasa sikia hii. Mbao hiyo nzuri ndiyo dhaifu. Bunduki ikilia inarudi nyuma kwa nguvu, na nguvu hiyo yote inapita mahali pembamba, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio. Mafundi wanaita shingo. Nyuzi za shingo zikikatiza badala ya kunyooka, siku moja inavunjika mkononi mwako. Kwa hiyo fundi mzuri wa Ulaya anatafuta kipande cha ajabu kidogo: shingo iwe na nyuzi zilizonyooka, maua yaanze baadaye, pale kwenye tako lenyewe. Ndiyo maana bei inapanda hivyo. Unalipia mti ulioteseka mahali panapofaa tu.

Jeshi halikuwa na wakati wa hayo mambo. Bunduki ya askari wa Mwingereza kwa karibu nusu karne ilikuwa Lee-Enfield, risasi ya .303, uzito karibu kilo nne. Mbao yake ilikuwa walnati, lakini walnati ya sare: mistari imenyooka, rangi ya chai ya rangi, imesuguliwa mafuta ya mbegu za kitani mpaka inang'aa kidogo. Walnati ilipokuwa adimu Waingereza wakageukia miti mingine, na kiwanda cha Lithgow kule Australia kikatumia miti ya kwao. Bunduki ile ile, mti tofauti. Vita havingojei mti ukauke.

Kitu kilichonimaliza kwa Lee-Enfield ni hiki. Kitako chake ni kipande cha peke yake, kimeshikwa na bolti ndefu inayopita ndani. Na kilitoka kwa saizi, kama kiatu. Kifupi kimegongwa herufi S, kirefu L, cha kawaida hakina herufi. Tofauti ya saizi moja na nyingine ni nusu inchi. Yaani mtu mwenye mikono mirefu angeweza kuwekewa kitako kirefu, ili jicho likae vizuri nyuma ya shabaha. Nyuma ya kitako kuna bamba la shaba lenye kimlango, ndani kuna kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Mtu alikaa chini akafikiria yote hayo. Jeshi lililojua mkono wa askari hadi nusu inchi halikumwandikia askari huyo huyo shamba lake ni la futi ngapi. Nitarudi hapo.

Nilianza na mafundi wa Ngong Road. Mnawajua, wale wanaopanga vitanda na sofa kando ya barabara mpaka unashangaa mvua ikinyesha wanaficha wapi. Kuna fundi mmoja mzee ambaye nilikuwa nimewahi kumpiga picha akichonga mguu wa meza. Ni mtu wa Wamunyu, Machakos. Kama hujui Wamunyu, hapo ndipo uchongaji wa Wakamba tunaouza kwa watalii ulipoanzia, na ulianza kwa sababu ya vita. Mutisya wa Munge alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona watu wa kule wakichonga, akarudi nyumbani na ule ujuzi. Wengine walirudi na majeraha, makumi ya maelfu ya wabeba mizigo wa Kariokor hawakurudi kabisa, yeye alirudi na patasi kichwani. Kutoka hapo ikawa kazi ya familia, halafu ya kijiji, halafu ya Kenya nzima.

Nikamwonyesha fundi picha kwenye simu. Akaitazama sana, akaivuta kwa vidole akaona shingo, akaona tako. Akasema, "Hii nyundo yake si ngumu. Mbao?" Nikamwambia nataka yenye maua. Akacheka. Akaniambia mahogany atafanya kwa 6,500. Mvule, usiulize. Mutamaiyu, ule mzeituni wa porini, una mistari ya ajabu, meusi ndani ya rangi ya asali, lakini ni mzito kama jiwe na kuupata kihalali ni kazi. Muhugu vile vile. Hiyo miti miwili, mjue, ni miti ya hapa hapa. Msitu wa Karura na ule wa Ngong Road umekuwa na muhugu tangu kabla Nairobi iitwe Nairobi. Mimi nilikuwa natafuta mbao ya maua Uturuki na Ufaransa na nimesimama mita chache kutoka kwa msitu.

Halafu akaenda nyuma akarudi na kipande cha gravelia.

Wasee. Gravelia. Ule mti wa kando ya shamba la shosho, ule wa kuni, ule wa kujengea chumba cha kuku. Wakikuyu wanauita mukima. Uliletwa kutoka Australia, ukapandwa kwa wingi kwenye mashamba ya kahawa na chai kwa ajili ya kivuli, na kwa vile unakua haraka kila mtu akaupanda mpakani. Kwa sababu ni wa bei rahisi hakuna anayeuangalia. Fundi alikuwa amepasua hicho kipande kuelekea moyo wa mti, siyo kwa ubavu kama wapasuaji wengi wanavyofanya ili wasipoteze mbao. Ukipasua hivyo gravelia inakuonyesha vidoa vidoa vinavyong'aa, kama lesi ya kitambaa cha kochi, kama magamba ya samaki. Ukiigeuza kwenye jua inabadilika. Akasema, "Hii 1,800. Lakini si ya kupigia risasi, ni laini."

Nikamwambia sipigi risasi mtu yeyote, ni ya kamera. Nikamwambia atengeneze yote basi, na mtutu wa mbao, tupake rangi nyeusi.

Akarudisha kipande chini. "Bunduki hapana, kijana wangu."

Nilidhani anataka pesa zaidi. Hapana. Akaniuliza nitaibeba na nini kutoka hapo mpaka Kawangware. Nikasema matatu. Akaniuliza nikishuka usiku, na karao wako pale stejini, wakiona mtutu unatoka kwa begi, nitawaeleza historia? Akasema yeye ana vijana watatu wanaomfanyia kazi na hataki mmoja wao ahojiwe ni nani alichonga. Kitako peke yake atafanya. Kitako ni mbao tu. Mtutu hafanyi.

Hapo ndipo hii stori ikaacha kuwa ya mbao.

Nairobi tuna neno la bunduki bandia. Bonoko. Neno lilikuwa la mtaani tu mpaka ile klipu ya kijana akihojiwa kwenye TV, akidai kwamba mtu waliyemjua aliuawa halafu polisi wakamwekea bonoko ili aonekane jambazi. Tulicheka. Kukatoka na midundo, watu wakacheza kwenye matatu. Mimi nilikuwa mdogo, niliicheza pia. Ukiisikiliza leo bila muziki, ni ushahidi wa mtu kuhusu maiti. Na kila kijana wa Kawangware ama Kibera anajua ile sentensi ya habari, haibadiliki: majambazi kadhaa wameuawa, bunduki bandia imepatikana. Wengine ni majambazi kweli, sikatai, nimeibiwa simu mara mbili na mmoja wao alikuwa na kitu kiunoni ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa cha kweli. Ninachosema ni kwamba kipande cha mbao chenye umbo fulani kina uwezo wa kukufanya uwe mtu wa kuuawa, na hakijawahi kutoa risasi hata moja.

Hiyo si mpya. Ilishatokea hapa hapa kwa babu zetu.

Miaka ya 1950, wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na bunduki za kutosha. Zilizoibwa kwa polisi na walowezi zilikuwa chache, risasi chache zaidi. Kwa hiyo wakatengeneza. Mtutu ni bomba la maji. Komeo la mlango linafanya kazi ya nyundo. Kinacholirusha mbele ni springi ama mpira uliokatwa kwa tyubu ya gurudumu. Na kitako ni mbao, imechongwa kwa kisu na panga na mtu aliyekuwa amewahi kushika bunduki halisi akakumbuka umbo lake. Nyingine zilimdhuru mpigaji kuliko mpigwaji. Imperial War Museum kule London wanazo baadhi, na nimeziangalia picha kwa muda mrefu kuliko ninavyopaswa kukiri. Chuma chake ni cha kusikitisha. Lakini mbao! Mtu alijali ile mbao. Amezungusha shingo vizuri, amelainisha tako. Nadhani sababu ni rahisi: kutoka mbali, usiku, anayekuona haoni komeo la mlango. Anaona kitako na mstari mrefu. Mbao ndiyo iliyokuwa inatisha.

Na walijifunza wapi umbo hilo? Wengine jeshini. Waruhiu Itote, ambaye tunamjua kama General China, alikuwa mwanajeshi wa King's African Rifles na alipelekwa Burma kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ilimfundisha kupigana msituni na silaha yake, ikamrudisha nyumbani, ikamwambia asahau. Hakusahau.

Adhabu ilikuwa kamba. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na silaha ama hata risasi bila ruhusa kulitosha kukunyonga. Dedan Kimathi mwenyewe, mwaka wa 1956, hakushtakiwa kwa vita. Alishtakiwa kwa bastola moja na risasi zake, na wakamnyonga tarehe 18 Februari 1957. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati huo, wengi kwa makosa ambayo si mauaji. Sheria ya silaha ambayo tunaitumia hadi leo, Sura ya 114, mizizi yake ni miaka hiyo hiyo, na inataja hata bunduki bandia inayotumiwa kwa uhalifu. Fundi wangu hajasoma Sura ya 114. Lakini anaijua kuliko wakili.

Na mbao ile ya maua, ilikuwa wapi wakati huo wote? Ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa akiwa na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya London, zawadi kutoka kwa Waingereza waliompenda. Safari yake ilibebwa na mamia ya wapagazi. Katika safari za namna hiyo kulikuwa na kazi maalum ya mbeba bunduki. Mwafrika anatembea hatua mbili nyuma, ameshika ile mbao nzuri, anaifuta vumbi, anaipaka mafuta jioni, anaikabidhi mnyama akitokea. Nafikiria kuna mbeba bunduki aliyeujua uzuri wa kile kitako kuliko mwenye bunduki, kwa sababu ndiye alikishika mchana kutwa. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na hapo soko la vitako vya fahari likafa hapa. Ndiyo maana huwezi kupata cha mtumba Toi. Kila kitu kiko Toi isipokuwa hicho.

Sasa Kibera. Niliwaahidi.

Hapa kuna kitu sikufundishwa shuleni, na chuo nilitoka mwaka wa pili kwa hivyo sijui kama wangefika huko. Oktoba 1890, Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alijenga ngome Dagoretti. Dagoretti hii hii, ukitoka Kawangware unaweza kutembea. Alielewana na Waiyaki wa Hinga, halafu Lugard akaendelea na safari kwenda Uganda. Maelewano yakavunjika baada ya watu wa kampuni kuanza kupora chakula na kudhulumu watu, na ngome ikaharibiwa. Waiyaki alikamatwa mwaka wa 1892 akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Hiyo nusu ya kwanza ni ya kwetu Kawangware.

Nusu ya pili: mwaka wa 1891 Lugard huyo huyo alifika karibu na Ziwa Albert akawakuta askari wa Kisudani walioachwa nyuma na Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri aliyekuwa ameokolewa na Stanley, kama neno ni kuokolewa. Walikuwa na wake zao, watoto, na bunduki za Remington. Jeshi lisilo na nchi. Lugard akawaandikisha. Mwaka wa 1897 sehemu yao waliasi Uganda kwa kuchoshwa na safari zisizoisha na mshahara mdogo, lakini Mwingereza aliendelea kuwahitaji. Tarehe 1 Januari 1902 King's African Rifles ikaundwa, na wao wakawa uti wa mgongo wake. Wao na watoto wao ndio tunaowaita Wanubi.

Wakapewa mahali pa kukaa kusini magharibi ya Nairobi, karibu na uwanja wa mazoezi ya jeshi. Kulikuwa msitu. Kwa Kinubi msitu ni kibra. Ardhi yenyewe ilitangazwa kuwa ya jeshi, ekari 4,197, na wanaostaafu wakaruhusiwa kujenga na kulima. Pensheni hawakupewa. Ardhi ndiyo ilikuwa asante. Lakini asante hiyo ilikuja kama kibali, siyo hati. Karatasi inayosema unaruhusiwa kukaa si karatasi inayosema ni pako, na serikali ya kikoloni ilitumia miaka mingi kuwakumbusha tofauti hiyo.

Rafiki yangu mmoja ni Mnubi wa Makina. Nilipopata kitako changu, gravelia, 1,800, kimesuguliwa vizuri sana, alinipeleka kwa habuba yake. Nilikibeba ndani ya gunia la viazi. Nilikuwa nimevaa shati la kanisani, msinicheke. Kutoka Kawangware 46 mpaka Junction nilikuwa nimekishika magotini na nilipoona kizuizi cha polisi tumbo langu lilifanya kitu. Kipande cha mbao. Bila mtutu. Bila chuma hata kimoja.

Habuba alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na amevaa gurbaba, yale mavazi yao ya heshima, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja baada ya swala. Alikigeuza. Akapitisha kidole kwenye shingo. Akaniambia baba yake alikuwa na alama hapa, akagusa chini ya bega, ngozi ngumu, na watoto walikuwa wanaambiwa wasiulize.

Nikamuuliza kama bunduki ilikuwa ikikaa nyumbani.

"Bunduki ya nani, mwanangu? Ni ya serikali. Ukimaliza kazi unarudisha. Wanahesabu mpaka kamba ya kusafishia."

Nikauliza, na shamba?

Akacheka kwa muda. Halafu akanionyesha dirishani, mabati kwa mabati mpaka reli, na akaanza kutaja nani alikuwa na mwembe wapi. Mwembe wa fulani, kisima cha fulani, mahali ng'ombe walikuwa wakilala. Wazee wa hapo husimulia kwamba hata Laini Saba ni jina lililobaki kutoka kwa mistari ya shabaha ya jeshi. Msitu uliotoa jina umeisha. Miti iliyobaki ni ile ya makaburi na michache ya misikitini.

Mwaka wa 2011 kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Vijana walikuwa wanafika miaka 18 wanapelekwa mbele ya kamati ya kuwahoji kabla wapate kitambulisho, wanaulizwa babu yako alitoka wapi, na jibu sahihi lilikuwa kwenye daftari za serikali yenyewe, kwenye safu ya jeshi. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jamii. Ekari 288. Nimepiga hesabu mara tatu: ni chini ya asilimia 7 ya zile 4,197.

Najua kuna wasomaji wangu wa Kibera ambao si Wanubi, na najua mnachofikiria. Kwamba wengi wa Wanubi walikuwa wenye nyumba, na nyinyi mlikuwa wapangaji wao, na mabomu ya 1995 na 2001 kati ya wenye nyumba na wapangaji... sawa, mabomu nimeongeza, ilikuwa mapanga na moto, lakini mnaelewa. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa na akakupandishia kodi pia. Na babu zao ndio waliotumwa kupiga babu zetu, mimi ni wa Dagoretti, sijasahau hiyo. Nilikaa kwenye huo mkeka nikijua. Yeye pia alijua, aliniuliza jina la baba yangu mapema sana. Tukanywa chai.

Tutarekodi Jumamosi hii Makina, mchana, siyo usiku, na nimeshaongea na wazee wa eneo na chifu ili pasiwe na mshangao. Bunduki haitaonekana. Itaonekana ile mbao tu, mkono ukiipaka mafuta, na sauti ya habuba juu yake. Fundi alikuwa sahihi, mtutu hauhitajiki. Wanaouliza nambari yake, sitaweka hapa, lakini ukitoka Junction ukielekea mjini utamwona upande wa kushoto, ana kitanda cha gravelia mbele na hakuna anayekinunua.

Kitako nimekiacha kwa habuba. Aliomba kikae hapo mpaka Jumamosi, na mimi sikutaka kukirudisha Kawangware na gunia usiku.